Tukimbie Pamoja na Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wazazi wa mazoezi ya asubuhi, katika mkutano wa wazazi wa kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, Malawi)

 

Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema mbele yenu katika maadhimisho haya, ambayo dunia imekuwa ikiyafanya kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001. Sisi tunaosema hapa si walimu wa michezo wala si wataalamu. Tu wazazi, baadhi yetu kutoka Kongo, wengine Burundi, wengine Rwanda, ambao tumezoea kuamka alfajiri na kufanya mazoezi pamoja na watoto wetu. Tumeombwa tueleze jambo moja tu: mzazi anawezaje kumfundisha mtoto nidhamu kwa njia ya michezo hapa kambini. Tutaeleza tunayoyafanya na sababu zake, ili atakayependa aweze kuanza wiki hii hii.

NIDHAMU NI NINI?

Neno nidhamu tunalisikia kila siku, shuleni, kanisani, msikitini na kwenye mikutano ya kanda. Lakini wengi wetu tukilisikia tunafikiria fimbo. Mahali hapa tunapoishi panaweza kutusaidia kulielewa vizuri zaidi. Kabla Dzaleka haijawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ilikuwa gereza. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda watu walifungwa hapa kwa sababu za kisiasa. Gerezani mtu hutii kwa kuwa askari yupo amesimama. Askari akigeuka, utii nao unakwisha. Jambo hilo jina lake ni hofu.

Nidhamu tunayoitaka kwa watoto wetu ni ile inayobaki hata askari akiondoka. Mtoto anaamka kwenda shule bila kuvutwa shuka. Anashindwa mchezo bila kumtukana aliyemshinda. Anamaliza kazi aliyoianza hata ikiwa imeacha kumpendeza. Anaona kitu cha jirani, hakuna anayemtazama, na anakiacha. Mtoto wa namna hiyo hatengenezwi kwa fimbo, kwa sababu fimbo haiwezi kumfuata kila aendako. Anatengenezwa kwa mazoea, na mazoea huyapata kwa wale anaoishi nao.

TULICHOKIACHA NYUMBANI

Wazazi wenzetu, kule tulikotoka mtoto alijifunza nidhamu bila kuitiwa mkutano. Kule Fizi na Uvira, kule Makamba na Ruyigi, na kwenye vilima vya Rwanda, mtoto alitoka na mama kwenda shambani kabla jua halijawaka. Aliona mama akiinama, akilima mstari wake mpaka mwisho, kisha akianza mwingine. Aliyekwenda na baba kuvua ziwani Tanganyika alijifunza kukaa kimya ndani ya mtumbwi na kungoja. Aliyechunga ng'ombe alijua kwamba hesabu isipotimia jioni, halali mtu. Mzazi hakusema sana. Kazi ndiyo ilisema, na mtoto alikuwa karibu akiitazama.

Hapa hali ni nyingine. Kambi hii ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo tumezidi 50,000. Ardhi haitoshi. Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake kuhusu ajira na makazi, na kwa sababu hiyo wengi wetu hatuna kazi ya kwenda nayo mtoto asubuhi. Hatusemi haya kwa kuwalaumu wenyeji wetu. Walitupokea wakati hatukuwa na pa kwenda, na wao wenyewe ardhi yao si kubwa. Tunasema ili tuelewe kinachotokea ndani ya nyumba zetu.

Kinachotokea ni hiki. Mtoto anamwona baba amesimama kwenye foleni na kadi mkononi. Anaona kwamba chakula, sabuni, daftari na hata karatasi ya bati vinategemea mkono wa mtu mwingine. Pole pole sauti ya mzazi inapungua uzito. Baba akiona hasikilizwi, anaipandisha. Isipotosha, anachukua fimbo. Mtoto naye anajifunza kukaa mbali na nyumba, kwenye vibanda vya video na kwa wauza pombe, na kurudi wakati baba amelala. Wageni wetu wa mashirika wanapouliza kwa nini vijana hawawasikilizi wazazi, tunawaomba waanze na jambo hili. Mzazi amepoteza mahali pa kuonekana akifanya kazi.

MTOTO HUTAZAMA KISOGO CHA NINA

Wahenga walisema mtoto hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyebebwa mgongoni haoni mbali. Anaona kisogo cha mama, na njia anayoijua ni ile mama anayoipita. Methali hii inaeleza kwa nini tumechagua mazoezi.

Kukimbia hakuhitaji kibali cha kazi wala mtaji. Hakuna kadi inayotobolewa. Mzazi akiamka saa kumi na moja na nusu alfajiri katika baridi ya Dowa ya mwezi wa sita, akavaa viatu vyake vya kawaida na kuanza mchakamchaka, mtoto aliye nyuma yake anaona mambo ambayo maneno hayawezi kumwonyesha. Anaona kwamba baba naye anatamani kulala, lakini ameamka. Anaona mama anahema, mbavu zinamuuma, lakini hajasimama. Anaona mzazi anashindwa kufika mlimani siku ya kwanza, na siku ya kumi anafika. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaona shambani. Tumepoteza shamba, lakini mgongo wa mzazi unaotangulia bado tunao.

Ndiyo maana tunasisitiza neno pamoja. Mzazi anayemtuma mtoto uwanjani kisha yeye akabaki kwenye kiti hajafanya vibaya, maana mtoto atacheza na atafurahi. Lakini nidhamu tunayoizungumzia inatoka kwa mzazi aliye ndani ya mstari.

TUNAVYOFANYA

Tunakutana asubuhi tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tulichagua siku hizo ili tusigusane na Sabato ya wengine wala Jumapili ya wengine, na tunaanza baada ya swala ya alfajiri ili ndugu zetu Waislamu wasikose. Tunafanya kwa dakika 50, kisha watoto wanarudi nyumbani kunawa na kwenda shule. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na asubuhi tatu za dakika 50 zinatimiza hesabu hiyo. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku. Hizo nyingine huzipata katika michezo yao ya mchana.

Tunaanza kwa kutembea, halafu kunyoosha viungo, halafu mchakamchaka wa pole pole tukiimba. Baadaye tunagawanyika. Wadogo wanaruka kamba na kucheza michezo ya kukimbizana, kwa maana mtoto mdogo hafai kukimbizwa mbio ndefu. Wakubwa wanapiga pushapu, wanakimbia mbio fupi za kupokezana kijiti, na Ijumaa tunamalizia kwa mpira. Mpira wenyewe mara nyingi ni ule wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba, na unatosha.

Kanuni zetu ni sita, nazo zinawahusu wazazi na watoto bila tofauti.

Kwanza, mzazi haagizi zoezi ambalo yeye mwenyewe halifanyi. Asiyeweza pushapu ishirini anafanya tano, lakini anashuka chini na wenzake.

Pili, saa ni saa. Aliyechelewa, awe mtoto au mzee, anasimama mbele ya mstari na kuomba radhi kwa maneno mafupi, kisha anaingia. Watoto wetu wanasikia watu wazima wakiomba radhi. Kwa wengi wao hilo ni jambo jipya.

Tatu, zoezi si adhabu. Hatumwambii mtoto aliyekosa azunguke uwanja mara kumi. Mtoto anayeadhibiwa kwa kukimbizwa atachukia kukimbia, na tutakuwa tumeichoma wenyewe dawa yetu. Aliyekosa anaketi pembeni na kutazama wenzake kwa muda mfupi, kisha anaitwa tena.

Nne, hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho amefika. Wenye mbio wakimaliza wanarudi kumsindikiza aliyebaki nyuma. Tuna watoto wenye ulemavu wa miguu, na kwao mwisho wa mstari uko karibu zaidi, lakini wanangojwa kama wengine.

Tano, matusi hayaingii uwanjani, na kabila haliingii. Tunapanga vikosi kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Hatupangi kwa nchi wala kwa lugha. Sote tunajua ni nini kilichotufikisha hapa, na hatutaki watoto wetu wakirithi.

Sita, mazoezi yanaishia nyumbani. Mtoto aliyekimbia asubuhi bado anateka maji, anafagia na kusoma. Mzazi naye hivyo hivyo, ana wajibu wake wa siku.

Tunaongeza tahadhari moja. Wiki ambazo chakula kimepungua tunapunguza mazoezi na tunatembea tu. Mtoto aliyelala njaa, mgonjwa, na mama mjamzito hawalazimishwi. Kila mtu aje na chupa yake ya maji.

MIFANO YA WENZETU

Vijana wetu huuliza: je, mkimbizi anaweza kufika wapi kwa michezo? Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza, Michezo ya Olimpiki ilikuwa na Timu ya Wakimbizi yenye wachezaji 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, waliofunzwa na Tegla Loroupe, bingwa wa mbio ndefu wa Kenya. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera ya timu siku ya ufunguzi. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amekimbia kilomita 10 kambini bila viatu na kushika nafasi ya pili. Na mwaka 2024 huko Paris, katika timu ya wachezaji 37, bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni, aliipatia Timu ya Wakimbizi medali yake ya kwanza kabisa, ya shaba.

Lakini mfano tunaopenda kuutaja hapa ni wa Wakongo wawili waliokuwa katika timu ile ya 2016, Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote wawili vita viliwatenganisha na wazazi wao wakiwa wadogo. Misenga alikuwa na miaka tisa mapigano ya Kisangani yalipomkimbiza, na alikaa siku nane msituni kabla ya kuokolewa. Walipelekwa Kinshasa, na huko ndiko walikojifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio kwa mashindano ya dunia, wakabaki na kuomba hifadhi.

Misenga amesimulia hadharani kwamba alipokuwa akishindwa mashindano, wakati bado yuko nyumbani, alifungiwa ndani siku kadhaa na kupewa kahawa na mkate tu. Wazazi wenzetu, tulitazame jambo hilo kwa makini, sisi tunaoishi mahali palipokuwa gereza. Kuna watu wanaodhani mchezaji hodari anatengenezwa kwa kufungiwa. Lakini mwaka 2016, akiwa huru na akifunzwa na watu waliomheshimu, ndipo Misenga alipolishinda pambano lake la kwanza la Olimpiki. La pili alishindwa na bingwa wa dunia, na watu waliokuwa ukumbini walimshangilia.

Judo yenyewe ilianzishwa na mwalimu wa Kijapani, Kano Jigoro, mwaka 1882. Tunaitaja kwa sababu ya somo lake la kwanza. Kabla mwanafunzi hajafundishwa kumwangusha mtu, anafundishwa kuanguka bila kuumia na kuinuka tena. Na kabla ya pambano na baada yake, wawili wanainamishiana vichwa kwa heshima. Sisi hatuna mikeka ya judo. Lakini mzazi anayeanguka katika mbio za kijiti mbele ya mtoto wake, akajipangusa vumbi, akacheka na kuendelea, ametoa somo lile lile.

Hatuwaahidi watoto wetu Olimpiki. Wengi wao hawatapata medali yoyote, na ni vizuri kuwaambia ukweli. Tunachowaahidi ni kwamba kesho kutwa tutakuwa uwanjani kabla yao.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Wengine husema: mimi ni mjane, nina watoto watano na kazi zote ni zangu, nitapata wapi muda? Tunajibu: njoo asubuhi moja tu, na wadogo waje nao. Wamama wengi tulio nao hawana waume, na wanasema ile saa moja ndiyo pekee ambayo watoto wote watano wako mahali pamoja nao bila ugomvi.

Wengine husema: mimi ni mzee. Wazee wetu wanashika saa na filimbi, wanatembea, na wanatoa hukumu panapotokea mabishano. Filimbi ya babu inatiiwa kuliko ya kijana.

Wengine husema msichana hafai kukimbia mbele za watu. Kila familia ina desturi yake na tunaiheshimu. Wasichana wanaweza kuvaa sketi ndefu au vitenge, na wanakimbia na mama zao. Tena tunaishi katika nchi ambayo wanawake wake wanajulikana duniani kwa mchezo wa netiboli. Wenyeji wetu wametuonyesha kwamba mchezo haumpunguzii mwanamke heshima yake. Binti anayezoea kusikika uwanjani akiita mpira atakuwa na sauti pia siku atakapotakiwa kusema hapana.

Na wengine husema michezo inaiba muda wa masomo. Sisi tunamaliza kabla kengele ya shule haijalia, na mtoto aliyeamka mapema hachelewi.

OMBI KWA MASHIRIKA

Wageni wetu waheshimiwa, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Tunawashukuru kwa mipira, jezi na mashindano mnayotuletea. Tuna ombi moja, na si la vifaa. Mnapopanga michezo ya watoto, tupangieni na sisi wazazi nafasi ndani yake. Mara nyingi mtoto anafuatwa nyumbani, anapewa fulana, anafundishwa na kocha wa mradi, anapigwa picha, na mzazi anasimama nje ya kamba akitazama. Mradi unapokwisha, kocha anaondoka, na mtoto anarudi kwa mzazi ambaye hakujifunza chochote wala hakuonekana akifanya chochote. Mtusaidie tuonekane. Mzazi mmoja akifunzwa vizuri, yeye haondoki mradi ukiisha.

MWISHO

Kwenu wazazi wenzetu, tunarudia. Kadi zinaweza kubadilishwa, msaada unaweza kupunguzwa, na hatujui tutakaa hapa kwa muda gani. Baadhi ya watoto wetu wamezaliwa Dzaleka na sasa wana watoto wao hapa hapa. Hatuwezi kungoja turudi nyumbani ndipo tuanze kuwalea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Atakayependa kujiunga nasi, aje Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, yeye na watoto wake. Asiye na viatu aje na kandambili zake au aje pekupeku, tutakimbilia upande wenye majani. Tunamngoja kila mtu, na wa mwisho tunamsindikiza.